Marinda ya Injini

Kwa miaka ishirini na sita Mama Viti alishona viti vya magari bila kujali kilichokuwa chini ya boneti. Kwake gari lilianzia kwenye usukani na kuishia kiti cha nyuma. Hayo mengine ni ya wenye mikono ya grisi. Jina lake la kuzaliwa hata majirani walishalisahau.

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alikuwa fundi injini mwenye wazimu mmoja tu: miaka tisa akiunda gari la mashindano, mfano wa yale ya zamani, kipande kwa kipande. Bodi ya faiba aliitengeneza mwenyewe nyuma ya gereji. Injini ya silinda nane aliitoa kwenye gari lililokuwa limekufa kwa kutu. Watu walimcheka weee, mpaka wakachoka.

Siku moja Mama Viti akaitwa kupima viti. "Shemeji," fundi akamwambia, "kabla hujatoa hiyo futi, sogea uone kitu." Akawasha.

Mama Viti aliruka nyuma. Juu ya injini zilisimama kabureta nne za kuchanganya hewa na petroli, kila moja na midomo miwili, na juu ya kila mdomo tarumbeta ya alumini iliyosuguliwa mpaka unajiona. Midomo minane, yote wazi. Shemeji akapiga resi. Uzi mwekundu uliokuwa umeng'ang'ania begani kwa Mama Viti ukachomoka, ukazunguka hewani mara moja, ukamezwa.

"He! Umeenda wapi?"

"Umeliwa, shemeji. Na sasa hivi umeshatoka nyuma ni moshi."

Mama Viti alishika kifua. "Kumbe linapumua!"

"Linapumua kuliko mimi na wewe na mtaa mzima. Lita moja ya petroli haiungui mpaka injini imeze hewa ya kujaza chumba kidogo, sakafu mpaka dari."

Mama akabaki mdomo wazi, akiitazama ile midomo. Halafu akauliza swali la mtu anayefagia nyumba kila siku: "Na vumbi je?"

Shemeji akazima injini. Hapo ndipo kidonda chake kilipokuwa. Tarumbeta zikiachwa wazi, vumbi litasaga silinda kama msasa. Alishajaribu wavu wa waya: ulizuia kokoto na nyuki, vumbi likapita likicheka. Alinunua sanduku lenye chujio la karatasi: boneti ikagoma kufunga, maana juu ya tarumbeta kulikuwa na nafasi ya vidole vinne tu. Akavalisha kila mdomo soksi ya sponji. Injini ikapiga chafya, moto ukarudi juu, na soksi moja ikayeyuka kama lami. Aliitoa mfukoni akamwonyesha.

"Niachie wiki moja," Mama Viti akasema. Hata yeye hakujua kwa nini.

Nyumbani mumewe, seremala, alicheka mpaka akakohoa. "Sasa unataka kuvalisha magari barakoa?"

"Baba watoto, umesema nini?"

Barakoa! Yeye ndiye aliyekuwa akimshonea mumewe barakoa za shashi ya pamba kwa ajili ya vumbi la mbao. Shashi ikiwa tabaka moja, jioni alilikuta vumbi kwenye masharubu. Ikiwa tano, mzee aliivua kwa hasira, pumzi imemwisha. Injini nayo ingelalamika hivyo hivyo. Alikaa siku tatu akipanga na kupangua, mpaka macho yake yakaangukia sketi ya jirani aliyoombwa aishone, ikining'inia ukutani: mita nne za kitambaa zimekusanywa kwenye kiuno cha mtu mmoja. Marinda! Kitambaa kikikunjwa, hewa inapata mlango mpana mahali padogo.

Akachukua shashi tabaka nne, akaikunja marinda membamba, akaibana katikati ya nyavu mbili laini za waya, akaipaka mafuta kidogo ili vumbi linase. Shemeji akakata bamba la alumini la kukaa chini ya tarumbeta. Wakainua ukuta wa marinda kuzizunguka zote nane, na juu wakaweka kifuniko cha marinda hayo hayo, unene wa kidole kimoja. Boneti ikafunga.

"Na ikipiga chafya?"

"Tuiulize," shemeji akasema, akiweka ndoo ya mchanga karibu. Akavuruga majira ya cheche makusudi. Injini ikapiga chafya moja nzito, wote wawili wakarudi nyuma. Walipofungua, wavu wa ndani ulikuwa na doa la masizi tu. Pamba ilikuwa salama.

Siku ya pili shemeji alipaka grisi nyembamba ndani ya tarumbeta, ili vumbi lolote likipenya linase, wakaenda njia ya machimbo ya kokoto, kule ambako malori hugeuza mchana kuwa ukungu. Walirudi nyusi zao nyekundu kwa vumbi. Nje, marinda yalikuwa kama udongo. Shemeji akazungushia kidole kitambaa cheupe, akakiingiza kwenye tarumbeta ya kwanza. Kikatoka na grisi inayong'aa, bila hata chembe. Ya pili. Ya tatu. Mpaka ya nane.

"Shemeji," akasema, akimpa kile kitambaa aone mwenyewe.

Wakaosha mikono, wakawasha tena. Mama Viti akaweka kiganja juu ya kifuniko, taratibu. Ulikuwa mvuto mpole, usiokoma, kama mtoto anayenyonya. Midomo minane ikivuta kwa zamu, upesi mno hata mkono ukasikia pumzi moja. Chuma kilikuwa kikipumua kupitia mkunjo wa sindano yake.

Mumewe, aliyekuja kuwacheka, alisimama mlangoni. "Unasikia nini hapo?"

"Njoo uweke mkono."

Akaweka. Kicheko kikamkauka usoni. Shemeji naye akaongeza wa kwake, na wote watatu wakasimama hivyo, vichwa vimeinama, wakiisikia ikivuta.