Tundu la Mguu wa Baba

Baba yangu, Mhindi mzaliwa wa Itigi, aliwahi kuwa nahodha wa timu ya taifa ya kriketi enzi za mkoloni. Ukisema hivyo hapa Unyambwa watu wanacheka, na mimi nilicheka nao miaka mingi. Alikuwa mrusha mpira hodari, akacheza hadi Nairobi na Kampala. Kisha akamwoa mama, Mnyaturu, ndugu zake wakamsusa, na mpira ukaishia hapo.

Alichobaki nacho ni mkeka wa makumbi ya nazi. Zamani wachezaji walitandika mkeka huo mrefu juu ya udongo, wakachezea hapo. Karibu na ncha yake moja palikuwa na tundu. Kila aliporusha, mguu wake wa kushoto ulitua palepale, mpaka makumbi yakaisha.

"Hiki ndicho cheti changu," alikuwa akisema.

Mimi nikaukata. Sina wa kumsingizia. Ilikuwa mwaka mama alipofariki, na alizeti ilikubali kweli. Kwetu aliyekuja kukusaidia kupura haondoki mikono mitupu, nami sikuwa na pombe wala kuku. Nikawagawia vipande vya mkeka vya kuanikia nafaka. Baba alikuwa ameshaanza kupoteza macho, kwa hiyo nikanyamaza.

Mwaka huu watu wa kriketi wakapiga simu kutoka Dar. Wanakusanya habari za manahodha wa zamani, wangefika Jumamosi. Tangu nizaliwe sikuwahi kusikia mtu akimuuliza baba habari hizo. Akaomba nimnyoe ndevu.

"Watolee mkeka, wapapase tundu," akasema. "Bila hilo mimi ni mzee tu anayejisifu."

Nilizunguka nyumba kwa nyumba kama mwizi anayerudisha mali. Kipande kimoja kilikuwa mlangoni mwa choo, kingine kuku walikilalia. Chenye tundu nilikikuta kwa jirani yangu mmoja, mama nadhifu asiyevumilia kitu kilichochanika.

"Dada, lile tundu nililiziba," akaniambia kwa furaha. "Mtama ulikuwa unapita wote!"

Alikuwa ameshonea kiraka cha kiroba. Nikakifumua palepale, yeye akinishangaa. Kumbe kwanza alikata kingo zilizochakaa ili kiraka kikae vizuri. Lilibaki dirisha la pembe nne.

Jumamosi asubuhi nilimtandikia baba kipande hicho miguuni. Akainama, akapapasa. Vidole vikafika kwenye pembe, vikasimama, kisha vikazunguka zote nne.

"Mguu wangu haukuwa na pembe, mwanangu. Wangu uko wapi?"

Nikamweleza yote huku nalia. Hakunigombeza. Heri angenigombeza, hata angenipiga na fimbo yake ya kutembelea. Alijifuta tu vumbi la makumbi mikononi, taratibu, kidole kwa kidole.

Wageni walifika saa nne, vijana wawili wenye adabu. Wakamwamkia shikamoo, wakauliza kama huyu ndiye nahodha. Nikasema ndiye, nikawaonyesha kile kipande cha mkeka. Wakakitazama, wakatazamana.

"Mmekosea nyumba, wanangu," baba akawaambia. "Lakini karibuni chai."

Wakanywa chai, wakaomba radhi kwa usumbufu, wakaondoka.