Vitumbua vya Posa Katika Treni ya Milwaukee

Nilipomaliza shahada ya takwimu, katikati ya miaka ya tisini, kazi niliyoipata ilikuwa ya kuingiza anwani za watu kwenye kompyuta, katika ofisi moja huko Eagan, Minnesota. Nilikaa mji wa jirani, Richfield, na kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa. Yeye hakuwa na wasiwasi hata chembe. Nadhani wasiwasi wote wa ukoo nilipewa mimi. Alipotaka kuoa, yeye alilala fofofo na mimi nikakosa hamu ya kula.

Binti mwenyewe alikuwa Milwaukee, akilelewa na mjomba wake, mzee wa Tanga kama sisi. Posa ilikuwa ipelekwe na mzee mmoja wa kitongoji cha New Hope, mtu mwenye koti zuri na maneno mazuri zaidi. Siku mbili kabla ya safari akateleza kwenye barafu akateguka mguu. Wote sebuleni wakanigeukia.

"Mshenga ni mtu mzima," nilisema.

"Wewe una digrii," akasema shangazi yetu. "Kwani digrii wanapewa watoto?"

Shangazi ndiye aliyekuwa msimamizi wa jambo lote. Katika simu, yule mjomba alikuwa amelalamika kwamba miaka yote aliyokaa Milwaukee hajapata kuona kitumbua kinachofanana na kitumbua. Shangazi aliyachukua maneno hayo kama mtihani. Alikesha akiloweka mchele na kupika, akanikabidhi ndoo ya plastiki iliyokuwa ya aiskrimu, sasa imejaa vitumbua thelathini, pamoja na barua ya posa iliyofungwa kwenye kitambaa cheupe.

"Barua ni desturi tu," aliniambia. "Vitumbua ndivyo vitakavyosema. Visipofika, kaka yako hana mke. Umenielewa?"

Nilimwelewa kupita kiasi. Gari la kaka halikuwa na hita, basi la abiria nililiogopa kwa sababu ya theluji, kwa hiyo nikachagua treni. Ilikuwa iondoke Saint Paul saa mbili asubuhi. Nilifika stesheni saa kumi na moja na nusu, nikasimama mbele ya mlango uliofungwa nimeikumbatia ndoo.

Ndani ya behewa niliketi peke yangu. Ng'ambo ya njia walikaa mzee mmoja na mkewe, babu na bibi wa kizungu waliovaa masweta yanayofanana. Tulipoanza kuufuata mto Mississippi, nikaingiwa na wazo: je, vitumbua havitoi jasho? Vimefunikwa vikiwa bado na joto. Jasho litadondoka kutoka kwenye kifuniko, vitalowa, mjomba atashika kitu kama sponji, na kaka atazeeka bila mke. Nikafunua nitazame.

Harufu ya iliki ikatoka ikazunguka behewa zima. Bibi akageuka. Babu akageuka. Tukatazamana.

Sasa, ningefanyaje? Huwezi kufunua chakula mbele ya watu ukanyamaza kama jiwe. Unasema karibu, wao wanasema asante tumeshiba, unafunika, maisha yanaendelea.

"Karibuni," nikawaambia kwa Kiingereza.

"Hapana, hapana, asante sana," akasema bibi. "Tumekunywa chai nyumbani."

Ningeishia hapo. Lakini kukaribisha mara moja ni kama kufukuza. "Kimoja tu, bibi. Onja."

"Aa, tusije tukakumalizia chakula chako," akasema, ila safari hii macho yake yalikuwa ndani ya ndoo.

"Mtanivunja moyo," nikasema.

Kwetu hilo ni neno dogo, unamwambia hata muuza nyanya. Nililitafsiri neno kwa neno, na kwa Kiingereza likawa kama nitakufa pale pale kwenye kiti. Bibi aliweka mkono kifuani. "Maskini, kijana wa watu," akasema, akachukua viwili.

Baadaye sana, mwenzangu wa kazini, mzaliwa wa Minnesota, alinieleza kwamba wao pia wana utaratibu. Ukikaribishwa mara ya kwanza unakataa. Mara ya pili unakataa kwa kusitasita. Ya tatu unakula. Sisi tumelelewa kukaribisha mara tatu, wao wamelelewa kukubali ya tatu, na hakuna aliyenionya.

Babu alitafuna amefumba macho. "Hii donati imetengenezwa na nini?"

"Mchele, mzee."

"Mchele!" akawatangazia waliokaa nyuma yake. "Donati ya mchele!"

Watu wakainua shingo. Nikafikiri: ukiwakaribisha wawili ukawaruka wengine, umewaambia nini hao wengine? Nikasimama na ndoo. Kila mtu alikataa mara mbili, na kila mtu nilimkaribisha mara tatu. Mtu wa tiketi alikula chake amesimama, akasema atarudi, na akarudi.

Kabla hatujafika Winona kilikuwa kimebaki kimoja. Hicho hakuna aliyekubali kukichukua kizima. Bibi alitoa kisu cha plastiki, akakikata nusu, akapitisha nusu iliyobaki. Aliyefuata akaikata hiyo nusu. Aliyefuata naye akaikata. Ndoo iliporudi kwangu ilikuwa na kipande cha ukubwa wa ukucha, na behewa zima lilionekana limeridhika kwamba hakuna aliyemaliza.

"Ulikuwa unavipeleka wapi vyote hivi?" bibi akauliza, akijifuta vidole.

Nikawaambia. Barua, kaka, mjomba, yote.

"Kijana," babu akasema taratibu, "umetulisha mke wa kaka yako?"

"Kwa nini hukusema?" bibi akaja juu.

"Nilisema karibuni."

"Ndiyo, ndiyo maana tumekula!"

Akasimama, akashusha mkoba wake, akatoa kifurushi cha kitambaa. Ndani mlikuwa na vitu vyembamba vya duara vyenye madoa ya kahawia: chapati tupu, ukiziona hivi. Aliniambia ni mkate wa viazi wa kwao asili, huko Norwei, na kwamba alikuwa akimpelekea binti yake, ambaye hata hivyo hujidai yuko kwenye dayati. Akazikunja nne nne, akajaza ndoo yangu.

"Zina mafuta ya nguruwe?" nikanong'ona.

"Siagi!" akasema, kana kwamba nimemtukania mama yake.

Kutoka hapo mpaka Milwaukee nilitunga maelezo manne, yote ya uongo, nikayapanga kwa ubora.

Mjomba alinipokea sebuleni kwake. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akaiweka barua juu ya meza bila kuitazama, akafunua ndoo.

"Hivi ni vitumbua?"

"Hapana, mjomba."

Akakata kipande, akatafuna muda mrefu. "Hii chapati ina kiazi."

"Ndiyo, mjomba."

"Nyumbani kwenu mnatia kiazi kwenye chapati?"

Maelezo yote manne yakayeyuka. Nikisema ndiyo, nimeuza jina la shangazi. Nikisema hapana, ni nani aliyezipika? Nikamwambia ukweli, haraka haraka, mpaka na habari ya sweta.

Nyuma ya pazia la jikoni msichana akacheka, akajiziba mdomo, akashindwa, akacheka tena. Mjomba hakucheka.

"Walikataa mara ngapi?"

"Mbili mbili, mjomba. Kila mtu."

"Na wewe ukaendelea kuwabembeleza?"

"Ningewaachaje?"

Alinitazama kama mtu anayesoma bango lililoandikwa vibaya. Kisha akavuta ndoo karibu, akala chapati nyingine, na ya tatu. Aliponisindikiza stesheni alisema jibu litakuja kwa posta.

Wiki mbili zilizofuata sikulala. Kaka alilala. Shangazi hakunisemesha ila kwa kupitia watu. Bahasha ilipofika, kaka aliifungua amesimama mlangoni na buti zake za theluji, akasoma kwa sauti:

"Tumekubali. Siku ya mahari tunaomba vitumbua viletwe na mtu mchoyo."

Kaka akaruka mpaka jirani wa chini akagonga dari yake kwa ufagio. Shangazi akapiga vigelegele kwenye simu. Mimi niliichukua ile karatasi, nikakaa nayo chini ya taa, nikitafuta kama ile alama baada ya "tumekubali" ilikuwa nukta kweli au mkato unaoleta sharti.