Mvua ya Jumapili Ipagala

Jamani, msinicheke sana, maana waliokuwepo siku ile walicheka vya kutosha, na mpaka leo nikifika Kibakwe kuna watu hawalijui jina langu, wananiita Bwana Mashuka.

Ilikuwa miaka ile mitumba ilipoanza kujaa sokoni, nami kijana wa ofisi ya maji Dodoma, kalamu mbili mfukoni na maneno mengi mdomoni. Tulikuwa tumewagawia wakulima wa bonde la Kibakwe vipimamvua, na mtoni tumesimika ubao wenye namba za kuonyesha kina cha maji, na kila asubuhi saa tatu wao wenyewe wanasoma na kuandika daftarini. Nilichotaka mimi (mke wangu alishachoka kukisikia) ni vipimo vya kila kijiji vibandikwe ukutani, vionwe na yeyote, ili wa bondeni ajue mvua iliyonyesha kwa wa mlimani. Lakini wasomaji wetu waliogopa. Nani anataka makosa yake yasomwe na kijiji kizima? Na bosi wangu alishasema, wakikataa kwenye mkutano wa safari hii, vifaa vyote vinarudi stoo.

Basi nikaamua nitangulie kubandika vya kwangu. Nilikuwa na kipimamvua cha mfano nyumbani kwangu Ipagala, pale pale Dodoma mjini, na kanuni inasema kikae uwanjani, mbali na kila kitu, ila uwanja uko ng'ambo ya barabara na mimi asubuhi ni mvivu, kwa hiyo nilikihamishia uani (hatua chache tu, nikajiambia, kuna ubaya gani). Mwezi mzima kabla ya mkutano nilikuwa safarini, mke wangu ndiye akisoma, na nilimfundisha vizuri: andika ulichokiona, usiongeze, usipunguze. Siku ya mkutano nikanakili daftari lake kwenye karatasi kubwa ndani ya gari linaloruka mashimo, nikihangaikia mwandiko tu.

Darasa la shule lilijaa, bosi wangu kaketi mbele. Nikabandika, nikahutubia jinsi mke wangu alivyosoma kila siku bila kukosa, nikanogewa, mpaka nikamtania Mama Nyemo, msomaji wa kijiji cha juu, aliyeacha siku tatu wazi kwa sababu alikuwa msibani.

"Mama yangu, mvua haisubiri msiba!"

Watu wachache wakacheka. Mama Nyemo hakucheka. Aliinuka taratibu, akaisogelea karatasi yangu, akafuata namba kwa kidole.

"Mwanangu, huko Ipagala mnapata mvua mwezi wa nane?"

"Hapana, mama, kiangazi kama huku."

"Mbona hapa imenyesha? Na hapa. Na hapa tena. Kila Jumapili asubuhi. Jumamosi kwenu kuna nini?"

Nikafungua mdomo nimweleze habari za mawingu, ndipo nikakumbuka. Jumamosi ni siku ya kufua. Kamba ya nguo inapita juu ya kile kipimamvua, na juu ya kamba yanaanikwa mashuka ya mitumba niliyonunua kwa mbwembwe, mazito, hayakamuliki hata mkishika wawili.

"Ni mashuka," nikasema. "Yanaanikwa juu ya kipimamvua, yanachuruzikia ndani."

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Bosi alifunika uso. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto, nikanyoosha mkono niibandue ile karatasi, nikijua vifaa vyetu vinapanda gari jioni ile ile.

Mama Nyemo akanishika mkono.

"Iache. Mkeo kaandika alichokiona. Sisi tumeliona kosa, na wewe hujafa. Mimi zile siku tatu sikuona kitu, ndiyo maana niliziacha wazi. Bandika na daftari langu hapo kando, wazi hivyo hivyo."

Nikamwomba radhi mbele ya wote, na nilimaanisha. Kisha msomaji mwingine akainuka na daftari lake, na mwingine, na kabla ya chakula cha mchana ukuta ulijaa na watu wa bondeni walikuwa wakibishana na wa mlimani juu ya mvua ya mwezi wa nne, na bosi akaniambia vifaa havirudi.

Karatasi yangu ilibaki pale muda mrefu. Kando ya kila Jumapili Mama Nyemo aliandika kwa kalamu nyekundu: mashuka. Nami niliapa sitamcheka tena mtu aliyeacha nafasi wazi, na mpaka leo, nikienda kukagua kipimamvua cha mtu, kabla sijachungulia ndani, kwanza natazama juu.