Bure Kabisa

Pasi si jina alilopewa na wazazi wake. Tulimpa sisi, wanawake wa chumba cha kufulia cha hospitali, kwa sababu mbili. Kwanza anapiga pasi: shuka mia tatu kwa zamu moja, zote zimekunjwa pembe kwa pembe. Pili, ulimi wake. Ukimgusa vibaya, unaungua. Nimesimama naye meza moja miaka kumi na tisa, ameniunguza mara nyingi tu, na bado ukimsema mbele yangu tutagombana.

Mle ndani mashine hazinyamazi. Ukitaka kumwambia mwenzako kitu, usijisumbue kupaza sauti. Unatamka kwa midomo tu, polepole, naye anasoma. Tunasengenya hivyo mbele ya msimamizi, na yeye maskini anadhani tunatafuna kitu. Binti yake Pasi, mwembamba hata tukamwita Njiti, aliijua lugha hiyo kabla hajajua kusoma kitabu. Enzi hizo tulikuwa zamu ya mchana. Akitoka shule alikuja kusimama nje ya kioo cha dirisha, na zamu ikiisha huku mama yake bado anamalizia shuka, aligonga kidole pale mtu anapovaa saa, akatamka kwa midomo: "Umechelewa." Pasi anacheka, anazima pasi, wanakwenda zao.

Njiti alipokua akapenda gitaa. Na si muziki wa kutuliza roho, la! Roki, ile ya vijana wanaojirekodia chumbani, hawana kampuni wala meneja, na magitaa yao yanalia kama kikaushio kilichoingiwa na sarafu. Mwaka wa mwisho wa chuo cha uuguzi akaacha. Nikamwambia Pasi, "Mtoto akililia wembe, mpe." Akaniambia nikampe wa kwangu.

Siku waliyoachana sikuhadithiwa, nilikuwepo, kwenye kochi lao, kikombe cha chai mkononi. Njiti amesimama mlangoni, gitaa mgongoni. Mama yake akamwambia, "Nimekusomesha kwa mikono hii inayonuka sabuni ya hospitali, leo unaniletea kigitaa? Wewe mtoto ni bure. Bure kabisa!"

Njiti alimtazama mama yake, akanitazama na mimi, akatoka akaufunga mlango taratibu. Angeubamiza ningesema ni hasira, zitaisha. Pasi alianza kujuta kabla chai yangu haijapoa, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Namba ya simu ya Njiti haikupatikana tena. Miaka miwili sasa.

Kiangazi hiki fundi wa mashine zetu akasema amemwona msichana anayefanana naye, amebeba gitaa, uwanja wa manispaa. Pale kila Jumamosi ya msimu wa joto bendi za vijana hupiga nje, juani, kuanzia saa tisa. Hakuna tiketi, hakuna geti. Basi Pasi akaanza kwenda. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, aproni ya bluu, viatu vya kazini, mkoba kwapani, katikati ya vijana wenye fulana nyeusi utadhani wamefiwa wote. Alikuwa na picha ya Njiti ya paspoti, ya enzi za shule, nywele zimesukwa, anamwonyesha kila mtu. "Samahani mwanangu, umemwona huyu?" Hawajamwona. Lakini walimpenda, wakamwita Mama Roki, mmoja akavua kofia yake akamvisha kwa ajili ya jua.

Saa kumi na moja na nusu ilikuwa lazima aondoke, kwa sababu siku hizi tunaingia zamu saa kumi na mbili jioni, na msimamizi alishamwambia: ukichelewa tena, usihangaike kuvaa aproni. Anaingia mbio, vumbi mpaka magotini. Mimi kwa midomo: "Leo?" Yeye kwa midomo: "Hamna."

Hamna, hamna, Jumamosi saba. Wiki ya saba akaunguza shuka. Pasi! Niliikuta alama ya kahawia katikati ya shuka na yeye amesimama anaitazama kama si ya kwake. Nikamvuta stoo. Akaniambia, "Shoga yangu, mimi sitaki arudi. Asiporudi, basi. Nataka tu nimwambie mbele ya macho yake kwamba naifuta ile kauli. Nikifa nayo mdomoni nitazikwa nayo." Akalia akiwa ameuma pembe ya aproni ili wenzetu wasisikie, kana kwamba mle ndani kuna anayesikia kitu. Niliogopa. Nilidhani namjua huyu mtu.

Jumamosi ya nane, ya mwisho wa msimu, nikaenda naye. Kwenye nguzo ya kuingilia kulikuwa na bango lile lile la kila wiki: majina ya bendi mbili tatu, na chini kabisa, kwa herufi kubwa, BURE KABISA. Nikamtania, "Angalau hatulipi." Tukazunguka, tukauliza, picha ikalowa jasho. Saa kumi na moja na nusu ikafika. Pasi akatazama saa, akavaa mkoba.

Tulipokuwa tunapita kando ya jukwaa, fundi wa sauti, kijana mwenye nyaya shingoni, akatuita. "Mama Roki! Kila wiki unaondoka mapema. Leo baki basi, uwaone Bure Kabisa."

"Najua ni bure, baba," Pasi akamjibu. "Ingekuwa ya kulipia ningekuja?"

Kijana akacheka. "Siyo kiingilio, mama. Ni bendi. Bendi yenyewe inaitwa Bure Kabisa. Wao ndio hufunga, saa kumi na mbili. Na leo ndiyo mwisho, alfajiri wanapanda basi, wanahamia mbali huko, sijui kama watarudi."

Niliona rangi ya Pasi ikibadilika. "Nani anaimba?"

"Dada mmoja kanyoa kipara. Mwembamba, upepo ukivuma inabidi umshikilie."

Jumamosi nane Pasi alilisoma jina la bendi ya mtoto wetu akadhani ni bei, na mimi leo vilevile! Pasi akakaa chini palepale kwenye nyasi. Nikamwambia, "Jikaze kisabuni, mama, inuka." Zamu tukaisahau.

Tulijipenyeza mpaka kwenye uzio wa vyuma mbele ya jukwaa. Mlinzi akanyoosha mkono. "Mwisho hapa."

"Mwanangu yuko humo," Pasi akasema.

"Kila mtu leo ana mwanawe humo. Wakimaliza tu, gari linawachukua kwa nyuma. Kaa hapo utazame."

Njiti akatoka. Kichwa kinang'aa, mikono ileile ya vijiti. Uwanja mzima ukapiga kelele. Akagonga gitaa, na wimbo wa kwanza ulikuwa ule. Vijana wote, mamia, ngumi juu: "Wewe mtoto ni bure! Bure kabisa!" Hata ule mkato wa sauti kwenye "kabisa" ulikuwa wa Pasi, nilitoka nao kwenye kochi lile. Walikuwa wanaruka, wanacheka, wana furaha. Msichana mmoja akamshika Pasi bega. "Mama Roki, kumbe unaujua huu?"

"Naujua," Pasi akasema. "Mimi ndiye niliyeutunga." Msichana akacheka sana.

Pasi alijaribu kuita. Ungeita nini pale? Maspika yalimeza sauti yake yote. Ndipo akafanya tulichozoea kufanya kila siku. Akavua kofia, akasimama wima, akatamka kwa midomo, polepole, huku kiganja kikifuta hewa: "Naifuta. Mwanangu, naifuta kauli."

Njiti akamwona. Naapa alimwona, vidole vilikosea nyuzi. Akaendelea kupiga, akasogea mbali na maiki, akamtazama mama yake, midomo ikasema neno moja. Kisha akageuka upande wa pili wa jukwaa, na mpaka wimbo wa mwisho hakurudi upande wetu. Gari likawachukua kwa nyuma, kama mlinzi alivyosema.

Pasi alikuwa ameshikilia vyuma, uso umelowa wote. "Amesema nini? Machozi yalinijaa, sikuona vizuri."

"Amesema, umechelewa."

Akanigeukia upesi. Kwa mara ya kwanza tangu Njiti aondoke niliona anataka kutabasamu. "Kama zamani? Aligonga pale pa saa?"

Nikamwambia ndiyo, aligonga. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye gitaa.