Sinia Chini ya Skuta

"Nani kachukua sinia langu?" Fundi Nati aliuliza kwa mara ya tatu, utadhani kaibiwa ng'ombe.

Binti yake alikuwa anafunga vyombo. Keshokutwa mzee anahamia kwake. "Lile lenye kutu? Nimelitupa, baba."

"Umetupa sinia la mama yako."

"La mafuta ya skuta. Mama mwenyewe alilichukia."

Hapo alisema kweli. Skuta ile kuukuu ilivuja mafuta kwenye gurudumu la nyuma miaka kumi na moja, na kila jioni mkewe aliinama akasukuma sinia chini yake, sakafu isichafuke. Mtaa mzima ukitengenezewa, ya kwake inadondoka, mganga hajigangi. Akiulizwa, jibu lake moja: "Jumamosi." Mkewe akamwambia, "Jumamosi yako haimo kwenye kalenda." Sasa ana miezi minne kaburini.

"Kwangu kuna vigae," binti alisema. "Ikivuja, tuiuze."

Mzee alitoka nje. Alikwenda kwenye pipa la taka, akalitoa sinia, akalifuta kwa shati lake.

Aliporudi, binti alikuwa amezima friza na kuikwangua barafu. "Baba, na hivi ni vya nani?"

Mfuko wa nailoni, umegandia chini kabisa. Ndani yake beringi mbili mpya za gurudumu na sili ya mpira ya kuzuia mafuta.

Fundi Nati alikaa kwenye ndoo. Beringi hugandishwa ili ipungue kidogo, na chuma inamokaa hupashwa moto ili kitanuke, ndipo iingie bila nyundo. Miaka thelathini mkewe aligomba kwamba nyama yake inanuka grisi. Kumbe alivinunua mwenyewe, akaviweka, akaingoja Jumamosi.

"Na sili kaigandisha," mzee aliuambia ule mfuko. "Sili haigandishwi, mama. Ningekwambia." 

Alianza mchana uleule. Akafungua injini, akaitoa ekseli ya gurudumu. Beringi za zamani zilikwaruza kama mchele wenye changarawe. Akapasha chuma kwenye jiko, na zile mpya zikateremka zenyewe. Sili aliichovya kwenye mafuta ya uvuguvugu mpaka ikalainika, akaipachika mdomo ukitazama ndani.

"Nimulike wapi?" binti aliuliza, tochi mkononi.

"Mama yako alikuwa haulizi."

Binti akasogea karibu.

Jioni mzee aliizungusha skuta mtaani. Mara mbili mkono wake ulikwenda kiunoni kuushika mkono wa mkewe, ukakuta mkanda tu. Akaiegesha, akasukuma sinia chini.

Asubuhi sinia lilikuwa kavu. Alipitisha kidole kote, hata pembeni kwenye kutu, akamwonyesha binti yake. Binti alikitazama kile kidole: kutu tu, mafuta hakuna.

"Leo Jumatano, baba."

"Najua."

"Basi. Mama angekusema mpaka magharibi, kisha angekupakulia chakula."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Binti akalichukua sinia, akalisugua kwa majivu, akalifunga pamoja na vyombo vizuri.