Neno la Kiacholi la "Hifadhi"

Docus Aciro alistaafu polisi akiwa sajini wa mitambo ya redio, na katika miaka yote ya kazi hakuwahi kugusa swichi bila kujua amri imetoka kwa nani. Ndiyo maana Jumamosi ile, alipoingia kwenye darasa moja la kuazima huko Mengo, amekumbatia kompyuta yake iliyogoma kuwaka, macho yake yalianza kumtafuta mkubwa wa mahali.

Aliyempeleka ni jirani yake wa Bukoto, Wamalwa, Mkenya anayeuza chaja na nyaya katika soko la Kikuubo. Alikuwa amemweleza kwamba kuna kikundi cha watu wanaotumia Linux, programu ya kuendeshea kompyuta ambayo haina mwenyewe, na kwamba hukutana kusaidiana. Hayo ya "haina mwenyewe" Aciro aliyasikia akayaacha yapite.

"Nimuone nani kwanza?" aliuliza.

"Yeyote tu, Afande," Wamalwa akajibu.

Basi akaja yeyote, akaja na mwingine. Mmoja alisema diski imekufa. Wa pili alisema diski ni nzima, kilichoharibika ni programu. Wakabishana juu ya kompyuta yake kwa Kiingereza, Kiganda na Kiswahili, huku yeye ameketi na mkoba mapajani kama mtu aliyeitwa kituoni kuandikisha maelezo. Mwishowe waliiwekea Linux, ikawaka, ila kwa sura ngeni kabisa. Aliuliza atie sahihi wapi. Hakuna aliyeelewa swali.

Wakati wa chai, mwanamke aitwaye Nafuna akasogeza kiti karibu naye.

"Mama, wewe ni Mwacholi? Maneno ya programu hii tunayatafsiri kwa lugha za hapa. Kiacholi bado kina mapengo mengi."

"Kwa idhini ya nani?"

"Idhini yako inatosha."

Aciro alirudi nyumbani kichwa kikimzunguka. Hata hivyo aliifungua orodha ya maneno aliyoonyeshwa na Nafuna kwenye mtandao, akaanza. Penye "hifadhi" aliandika gwok, kwa kuwa kazi unayoihifadhi unailinda isipotee, na kulinda alikujua vizuri. Akaliona neno lake pale kwenye skrini, akatabasamu peke yake.

Alipofungua tena siku nyingine, gwok haikuwepo. Mahali pake palikuwa na kan, neno la kuweka kitu akiba, na pembeni jina la Okwir, mtu wa Gulu asiyemjua. Alimpigia Wamalwa palepale.

"Nani amempa ruhusa ya kufuta neno langu?"

"Hakuna, Afande. Hata wewe hakuna aliyekupa."

Alikata simu. Alihisi kwamba amedhulumiwa, lakini hakuona pa kupeleka mashtaka. Hatimaye alimwandikia Okwir mwenyewe, kwa ukali wa sajini, na namba yake ya simu chini. Okwir akampigia. Sauti yake ilikuwa ya mtu mzima, ya taratibu.

"Mama, mtoto unamlinda. Mtama unauweka ghalani. Barua iliyoandikwa kwenye kompyuta ni mtoto au ni mtama?"

Aciro aliwaza barua aliyomwandikia binti yake aliye ng'ambo, ile iliyopotea kompyuta ilipokufa. Hiyo ilikuwa mtoto. Akawaza pia orodha ya vitu vya sokoni. Hiyo ilikuwa mtama.

"Sijui," akasema. Kwa afisa yeyote asingelisema neno hilo.

"Hata mimi sijui sana," Okwir akakiri. "Nilibadilisha tu, nikangoja nione nani atalalamika."

Waliiacha kan ibaki. Mpaka leo Aciro hana hakika kama alishindwa, alikubali, au alichoka, na Nafuna alipomuuliza uamuzi ulifikiwaje, hakuweza kumweleza. Jioni ile, baada ya hilo la kan, Okwir hakukata simu. Neno lililofuata lilikuwa "ghairi", na wote wawili hawakuwa nalo kwa Kiacholi.