Nilimchafulia Rispa Jina kwa Kuogopa Jibu la Damu

Makosa ni yangu. Nayasema mwanzo kabisa ili usije ukanihurumia kabla hujajua nilichomfanyia binti wa watu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa karani kwenye karakana ya reli, nakaa chumba kimoja mtaa wa Kaloleni, Nairobi, kijana wa kanisa anayejulikana. Kila Jumatano jioni niliongoza maombi ya vijana. Somo nililolipenda ni la Ibrahimu, vile alivyofunga safari bila kuonyeshwa anakokwenda. Watu waliniambia nina kipawa.

Rispa alifundisha watoto Jumapili. Baba yake alikuwa dereva wa garimoshi, mtu wa kwetu magharibi, mpole, na nyumba yao ilikuwa papo hapo Kaloleni. Wazee walikuwa wameshakutana na kukubaliana. Harusi Desemba.

Mwezi wa nane watu wa kukusanya damu walikuja kanisani. Nikatoa, kama mfano kwa vijana. Wiki tatu baadaye nikaletewa barua kazini. Mistari miwili tu: nifike kwao kwa mazungumzo kuhusu damu niliyotoa.

Basi. Hawakusema zaidi.

Kama hukuishi mitaa yetu wakati ule, huenda usielewe. Ugonjwa wenyewe hatukuutaja jina. Tulisema "ule ugonjwa", na dawa hakuna. Jirani yangu, fundi wa viatu, aliitwa hospitali kwa karatasi hivyo hivyo. Kabla ya mwaka kwisha tulikuwa kwenye matanga yake, na godoro lake limechomwa nyuma ya nyumba.

Na mimi, kabla sijaokoka, nilikuwa na maisha yangu mtaa wa Majengo, ya pombe na wanawake. Nilijua nilikotoka.

Sikwenda. Niliichana ile barua vipande vipande nikaitumbukiza chooni, kama kwamba nikiipoteza, damu nayo itabadilika.

Kuanzia hapo nilikuwa nikiamka natoa ulimi mbele ya kioo kutafuta weupe wa ule ugonjwa. Nikijikata na wembe natoka jasho mwili mzima. Nilitenga kikombe changu. Shati likinilegea shingoni, nasema kwisha mimi. Niliomba, ndiyo, lakini niliomba kama mtu anayebisha hodi huku anakimbia. Nilitaka Mungu anihakikishie jibu kwanza, ndipo niende.

Rispa aliona. Siku moja tukitoka kanisani akaniuliza, "Una nini wewe siku hizi? Kama kuna kitu, niambie tukiombee."

"Ni kazi tu," nikamwambia.

Halafu mchungaji akatuita sisi wawili ofisini. Akasema kanisa limeamua wote wanaofunga ndoa wapimwe damu kwanza, na majibu yaletwe kwake. Rispa akasema, "Hakuna shida, mchungaji. Tutaenda pamoja." Akanigeukia anatabasamu.

Sasa fikiria mwenyewe. Ningekataa kupima, wangejua. Ningevunja uchumba bila sababu, wangeuliza, na mwisho wangejua. Nikatafuta sababu. Na sababu niliyoipata, Mungu anisamehe, ilikuwa yeye.

Jumamosi mchana nikaenda kwao. Baba yake na mama yake walikuwa wameketi sebuleni, Rispa yuko jikoni anatengeneza chai. Nikaanza kwa sauti ya upole, ile yangu ya Jumatano.

"Baba, mama, nimekuja kwa uchungu. Sitaweza kuendelea na harusi. Rispa ameonekana na mwanamume mtaa wa Buruburu. Zaidi ya mara moja."

Mama akasema, "Rispa huyu?"

Rispa alikuwa amefika mlangoni na sinia. Hakuliangusha. Aliliweka mezani taratibu, akaniangalia.

"Mwanamume gani?"

"Wewe mwenyewe unamjua," nikasema.

Hakulia. Aliniangalia tu, kama anayetafuta mtu aliyekuwa anamjua ndani ya uso wangu. Baba yake akauliza polepole, "Kijana, una uhakika?"

Nikasema nina uhakika.

Neno lilifika kanisani kabla ya Jumapili iliyofuata. Rispa akaondolewa kwenye darasa la watoto mpaka suala lake lichunguzwe. Hakuna aliyelichunguza. Wanawake wakaacha kukaa naye benchi moja. Mimi nilipewa pole, nikaombewa, na Jumatano nikaendelea kufundisha. Baada ya miezi michache akahama mtaa. Sikuuliza amekwenda wapi.

Miaka mitatu nikaishi hivyo, nangoja kufa. Sikuoa, sikujenga, hata suti mpya sikushona. Nilisema ya nini.

Halafu siku moja nikaanguka kazini. Wakanipeleka hospitali nikiwa na homa kali, na daktari akasema anataka kunipima damu kwa ule ugonjwa pia. Majibu baada ya wiki moja. Nilitaka kutoroka kitandani, lakini miguu haikuwa na nguvu ya kunibeba.

Ile wiki ndiyo nilijifunza kuomba. Sikuwa na maneno mazuri. Nilisema, "Mungu, mimi sioni kitu huko mbele. Naogopa sana. Jibu likiwa hili ama lile, nitakwenda kulisikia, na wewe usiniache." Hofu haikuondoka. Ilikaa pale pale kifuani, lakini nilikwenda nayo.

Daktari akafungua faili. "Ilikuwa malaria, na damu yako imepungua. Virusi huna."

Nililia mpaka akafunga mlango. Alidhani ni furaha. Nilikuwa namuona Rispa ameshika sinia.

Nilipopata nafuu nilikwenda mpaka kwa wale watu wa damu kuuliza waliniitia nini. Muuguzi alitafuta kwenye madaftari ya zamani, hakuona kitu. "Tulikuwa tunaita watu kwa mambo mengi," akasema. "Chupa ikiwekwa jina la mwingine, damu ikiganda, tunamwita mtu aje tena. Kwani hukuja?"

Nilisimama mbele ya kanisa nikasema yote. Wengine waliinuka wakatoka. Mama yake Rispa alibaki ameketi, akaniambia tu kwamba mume wake alizikwa mwaka uliotangulia. Alikufa akiamini neno langu juu ya mtoto wake. Hilo siwezi kulirekebisha, hata nikisimama mbele ya makanisa yote ya Nairobi.

Mama huyo ndiye aliyenielekeza kwa Rispa. Alikuwa anafundisha shule ya chekechea, hajaolewa. Tulisimama uani watoto wakiwa ndani wanaimba. Nikamweleza kila kitu, barua, kioo, kikombe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo uliogopa," akasema.

"Niliogopa."

"Ungeniambia, ningekwenda na wewe. Ningengoja na wewe."

"Na kama ningekuwa nao?"

"Ningengoja na wewe hivyo hivyo." Akafuta chaki mikononi. "Nimekusamehe, nisikudanganye. Lakini usirudi hapa tena."

Akaingia darasani.

Wewe unayesoma haya, labda nawe una jibu unalolingoja, la hospitali, la kazi, la mtoto aliyepotea. Hutaliona leo. Ogopa, maana wewe ni binadamu. Lakini mwambie Mungu ukweli, mwambie na mtu mmoja anayekupenda, kisha uende ukalichukue. Usifanye kama mimi niliyekimbia jibu, nikamkanyaga aliyekuwa tayari kulingoja pamoja nami.